Chokaa Hadi Kifuani

Baraza la nyumba yangu lilikuwa la saruji, refu kiasi cha kukaa watu watano wanaopatana au watatu wanaobishana, na kila siku baada ya sala ya alasiri walikaa hao watatu. Mwinyijuma tulimwita Korti, kwa sababu alikuwa tarishi wa liwali miaka kumi na miwili, akastaafu na sheria zote kichwani isipokuwa zile zinazofaa. Uweso, mwashi, tulimwita Kipimo; hakupoteza hata kijiko cha saruji, na akikujengea ukuta mchanga unaobaki haujazi kiganja. Msafiri tulimwita Horohoro, maana safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha huko mpakani kwa lori la nazi, akarudi kesho yake, na tangu hapo hakuna jambo la dunia ambalo hakuliona kwa macho yake. Wa nne alikuwa Kombo muuza kahawa, aliyeweka dele na jiko lake la makaa pembeni mwa baraza na kuongea kwa mlio wa vikombe tu. Wote walikuwa marafiki wa marehemu mume wangu, na alipokufa waliendelea kuja kama watu ambao hawakupata habari. Mimi nilikaa kizingitini na kikaango changu cha vitumbua, kwani watoto wawili hawashibi mazungumzo. Mwaka ulikuwa hamsini na tano, Rajabu iko ukingoni, mawingu ya masika yameanza kujipanga ng'ambo ya mto juu ya Bweni, na nyumba yangu ilikuwa inauzwa.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimerudi kutoka Mwera, ambako mjomba alinipa kiwanja mahali pa juu, pakavu, nikakuta ukuta wangu wa mbele umepakwa chokaa. Haukupakwa wote. Chokaa ilianzia chini kwenye baraza, ikapanda hadi usawa wa kifua cha mtu mzima aliyesimama njiani, ikakatika hapo kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi.

Lazima niseme kilichokuwa chini ya chokaa hiyo. Masika ya mwaka juzi, mvua ya bara iliteremka na mto Pangani siku ile ile ya bamvua, bahari imejaa pomoni. Mto ulikosa pa kutokea, ukatokea kwetu mtaa wa chini. Maji yalikaa siku mbili ndani ya nyumba. Yalipoondoka yaliacha tope la kahawia ukutani hadi kifuani, na kila nilipolisugua lilififia wiki moja, kisha likarudi lenyewe kutoka ndani ya lipu.

Walikuja wote watatu, wakaamkia, wakakaa, wakaegemea. Nikawaacha wanywe kikombe cha kwanza.

— Nani amepaka? nikauliza.

Kombo aligonga vikombe viwili, kli-kli.

— Simameni, nikasema. Geukeni.

Walisimama kama wanafunzi wa chuoni. Chokaa ilikuwa haijashika sawasawa, na migongo yote mitatu ilikuwa myeupe.

— Shemeji, huo si ushahidi, akasema Korti. Mgongo mweupe ni wa aliyeegemea, si wa aliyepaka.

— Vidole vya Uweso je?

Kipimo alificha mikono nyuma, halafu akaona haina maana, akaitoa.

— Nimepaka mimi, shemeji. Bure. Kwa ajili ya marehemu. Mbona kila mtu anapaka chokaa kabla ya Ramadhani?

— Kila mtu anapaka ukuta mzima.

— Nilikuwa na nusu debe. Nikapima doa, upana na urefu, nikakuta nusu debe inatosha doa, haibaki hata ya kupaka kizingiti. Hesabu imekaa barabara.

— Na huko juu?

— Huko juu hakuna doa.

Alisema hivyo kwa fahari ya kazi yake, na mimi nilikuwa nimechoka mno kumweleza.

— Leo anakuja mke wa Noa, nikasema. Nitamwambia habari ya maji.

Baraza lilipiga kelele kama kuku walioingiliwa na kicheche.

Noa alikuwa fundi seremala kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, Mbondei, Mkristo, mtu mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alitaka kuhamia Pangani afungue karakana yake. Alikuja Jumapili iliyopita, akaiona nyumba, akasimama mbele ya ukuta akatabasamu. "Rangi mbili!" alisema. "Chini kahawia, juu nyeupe, kama ofisi ya meneja kule shambani. Mke wangu atapenda." Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Mikono yangu ilijaa unga, lakini mdomo haukuwa na kitu, na nilinyamaza. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala kama mtu aliyesahau mlango wazi. Basi nilikwisha kuamua: akija mkewe, nitasema.

— Shemeji, keti kwanza, akasema Korti.

— Nimeketi.

— Keti vizuri. Sheria inasema muuzaji hujibu alichoulizwa. Hujaulizwa, hukujibu. Hukujibu, hukudanganya. Imekwisha.

— Sheria gani hiyo, Bwana Mwinyijuma?

— Ile ile.

— Mimi niliyoisikia kwa mashekhe ni kwamba kitu kinauzwa na aibu yake imetajwa.

— Aibu ya kitu, naam! Lakini maji si aibu ya nyumba. Maji yalikuja kutoka nje, yakatoka yakarudi nje. Je, mgeni akilala kwako siku mbili akaondoka, utamwandika kwenye hati ya nyumba?

— Mgeni huyo aliondoka na godoro langu, gunia la mchele na kuku kumi na mmoja.

— Hata hivyo, akadakia Horohoro, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maji yalikaa siku mbili, ya tatu yakaaga. Yalikuwa na adabu zake, wallahi.

— Horohoro, hebu nyamaza, akasema Kipimo. Shemeji, nisikilize mimi mtu wa kuta. Maji ni kama punda. Punda hurudi pale anapopatambua. Maji ya masika yakiingia mtaani yanaangalia kuta. Yakiona alama yao yanasema: aa, ndipo hapa, tuliwahi kukaa hapa, tuingie. Mimi nimefuta alama. Mwaka huu yatafika mlangoni yapotewe, yaende mbele.

— Mbele kwa nani?

— Kwa jirani.

— Jirani yangu ni nani, Uweso?

Nyumba iliyofuata yangu ilikuwa ya Kipimo. Alikunywa kahawa yote iliyobaki kikombeni, hata masimbi ya chini.

— Chokaa ya nusu debe nyingine, akasema polepole, inapatikana wapi kabla ya Shaabani?

Kombo alicheka puani. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi huo.

— Hamjui lolote ninyi, akasema Horohoro. Hayo maji hayarudi kabisa. Nilipokuwa Horohoro —

— Ulikuwa huko saa ngapi? akauliza Korti.

— Siku nzima na usiku wake! Nilipokuwa Horohoro, dereva mmoja aliniambia kwamba kule juu kwenye mashamba ya mkonge kuna mashine inakunywa mto. Haimwagi, inakunywa! Kama mtu aliyefunga akisikia adhana ya magharibi. Miaka kumi kuanzia leo, mtakwenda Bweni kwa miguu mmevaa viatu. Kivuko watakigeuza kitanda.

— Na bahari? akauliza Korti. Mwaka juzi bahari ndiyo iliyouzuia mto.

— Bahari nayo imo katika mpango.

— Mpango wa nani, yakhe?

— Hakunitajia jina. Lori lilikuwa linaondoka.

Niligeuza vitumbua. Nilikuwa nawasikiliza kwa sikio moja, la pili liko njiani, maana basi la Muheza lilikuwa limekwisha kupiga honi sokoni.

— Lakini hata yakirudi, akaendelea Horohoro, ambaye kimya kikimpata huumwa, kwani ni hasara? Mama Sabiha, sema kweli mbele ya Mungu: yalipoondoka, hukupata kambare chini ya kitanda?

— Nilipata.

— Mnasikia? Nyumba na uvuvi wake! Mnunuzi hana haja ya nyavu wala chombo. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mimi ningekuwa muuzaji ningepandisha bei.

— Na kitanda chenyewe, akasema Kipimo, kilielea vizuri mno. Nilikiona kupitia dirishani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Kiundwe kisiundwe, nikasema, kilikuwa kinaelea na mimi niko juu yake.

— Shemeji, akaendelea Kipimo, huyo Noa ni seremala. Ataelewa kitanda kinachoelea kuliko mtu yeyote! Maji yakija, yeye anafungua madirisha, anapanga mbao zake, anafanya jahazi lake humo humo ukumbini —

— Mficha uchi hazai, akasema Korti kwa sauti ya kufunga kesi. Ndiyo maana sisi tunaficha. Hatutaki kuzaa matatizo.

Niliweka kijiti changu cha vitumbua chini. Nilitamani kucheka, lakini kicheko kingewapa kikombe kingine cha ujasiri.

— Bwana Mwinyijuma, nikasema. Siku marehemu aliponunua nyumba hii, palikuwa na mkeka umetundikwa ukutani hapo hapo mlipoegemea. Mkubwa, wa ukindu mpya.

— Naukumbuka. Ulikuwa mzuri.

— Mwenye nyumba alimwambia marehemu kwamba mkeka ni kwa ajili ya wanaobarizi, wasichafue kanzu zao.

— Ndivyo alivyosema.

— Wewe siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?

Korti alitazama kikombe chake.

— Hapa, akasema.

— Na Uweso?

— Hapa, akasema Kipimo.

— Msafiri?

— Mimi nilikuwa nimesimama, akasema Horohoro. Nafasi ilikuwa haitoshi.

— Mlijua kilichokuwa nyuma ya mkeka?

Mtaani alipita mtu na mkungu wa ndizi begani. Wote watatu walimwamkia kwa juhudi kubwa, mmoja baada ya mwingine, wakamwuliza habari za nyumbani, za shamba na za mguu wake. Alipokwisha kupita hawakuwa na mwingine wa kumwamkia.

— Marehemu hakuuliza, akasema Korti hatimaye, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Na sisi tulitaka awe jirani. Alikuwa mtu wa watu. Tulisema yatakuja mara moja katika miaka ishirini, na mwenyewe atazoea.

— Yalikuja mwaka wa sita, marehemu amekwisha kuzikwa. Nami nilikuwa na mtoto wa miaka minne na mwingine wa titi.

— Ndiyo maana tunakusaidia, shemeji! akasema Kipimo, na nadhani alisema kweli. Ndiyo maana ya chokaa. Uuze, uondoke, uende Mwera kwenye kavu. Tunalipa deni la marehemu.

— Kwa mfuko wa Noa?

Hapo ndipo tuliposikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mfupi, mwenye viatu vya turubai na mwavuli wa kiume, amefunga mtoto mgongoni kwa kanga ya pili. Vumbi la njia ya Muheza lilikuwa limempaka hadi magotini. Aliwasalimu wazee kwanza, shikamooni, wakaitikia marahaba kwa pamoja kama watu waliofumaniwa, halafu akanigeukia.

— Hujambo, dada. Mimi ni Dorkasi, mke wa Noa. Yeye yuko zamu. Amesema nyumba ameipenda, nikamwambia ngoja nikaione, maana yeye atakaa karakanani na mimi ndiye nitakayefagia.

— Karibu, mwenzangu. Mimi ni Saleha. Pumzika kwanza, upate kahawa.

— Nitapumzika nikishaona.

Kombo alikwisha kumimina. Dorkasi alipokea kikombe, lakini hakukinywa. Aliutazama ukuta. Alirudi nyuma hatua mbili hadi katikati ya njia, akautazama tena. Juu kabisa kulikuwa na chokaa ya zamani, iliyoliwa na moshi wa vitumbua vyangu miaka miwili hadi ikawa rangi ya chai ya maziwa. Chini kulikuwa na chokaa ya Kipimo, nyeupe kama jino. Na katikati ule mstari, umenyooka.

— Wazee wangu, akasema Dorkasi. Noa aliniambia kahawia iko chini na nyeupe iko juu. Mimi naona nyeupe iko chini na kahawia iko juu. Mmeigeuza nyumba?

Nimekaa na watu hao watatu miaka minane. Nimewasikia wakijibu kwa nini mwezi haudondoki, kwa nini Waingereza hawali pilipili, na mbuzi anawaza nini. Siku hiyo nilimwona Korti akitafuta sheria na kuikosa. Kipimo alikuwa anatazama mstari wake kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeandika barua ya siri akaipeleka sokoni isomwe.

— Ni mtindo, akaanza Horohoro. Nilipokuwa Horohoro —

— Msafiri, nikasema.

Akasogea pembeni.

Nilifuta mikono, nikasimama.

— Mwenzangu, ile kahawia aliyoiona mumeo haikuwa rangi. Ni tope. Masika ya mwaka juzi mto ulijaa, bahari imejaa, maji yakaingia humu ndani yakafika hapo unapoona mstari. Yalikaa siku mbili. Kabla ya hapo yalikuwa yamewahi kuja, sijui mara ngapi, kwa sababu aliyetuuzia alitundika mkeka. Mumeo aliposema rangi mbili nilimsikia. Nikanyamaza. Hilo ni langu mimi, si la hawa. La hawa ni chokaa.

Alinitazama. Hakukasirika kwa uso. Alikuwa anapanga vitu kichwani, kama ninavyovipanga mimi asubuhi.

— Yalikuja kwa ghafla?

— Tulilala, uani pakiwa pakavu. Adhana ya alfajiri ilitukuta maji yako vifundoni. Saa moja yakawa magotini. Mchana kifuani.

— Na watoto?

— Niliwapandisha darini, juu ya boriti. Ngazi ilikuwa imechukuliwa na maji, nikapanda juu ya kitanda.

— Haikuwa saa moja, akasema Kipimo ghafla. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mimi niliona. Tena hayakufika kifuani. Yalifika begani.

— Begani kwako wewe mfupi! akasema Korti. Mimi niliyapita hapa hapa mbele ya baraza, yalinifika kitovuni.

— Ulikuwa umesimama juu ya baraza!

— Sikusimama juu ya baraza. Baraza lilikuwa halionekani.

— Ninyi nyote hamkuona kitu, akasema Horohoro. Mimi niliona paa la kibanda cha samaki likipita njia hii na jogoo juu yake, na yule jogoo alikuwa anawika. Maji yalifika kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Niliweka alama kwa macho.

— Yangefika kizingiti cha juu, akauliza Korti, Mama Sabiha angekuwa wapi?

— Mungu ni mkubwa!

— Kizingiti cha juu ni futi sita na nusu, akasema Kipimo. Nimekipima mimi. Doa lilikuwa futi nne na inchi moja. Nusu debe.

— Basi mbona unasema begani? akauliza Korti.

Kwa watu hao hao, robo saa iliyopita, maji hayakuwa yametokea. Sasa kila mmoja alitaka yawe yake, tena marefu kuliko ya mwenzake. Dorkasi aliwasikiliza akigeuza kichwa toka huyu hadi yule, na nikaona kwamba hajui amwamini nani, na kwamba wakiendelea hivyo ataondoka akiamini kwamba hakuna aliyekuwa anasema kweli, hata mimi.

— Kombo, nikasema. Nipe kaa. Lililozimika.

Kombo aliinua dele, akachagua jikoni kaa refu lenye ncha, akanipa bila neno.

— Ondokeni hapo.

Waliondoka barazani. Mimi nilisimama chini, njiani, mgongo ukutani pembeni ya baraza, kwenye chokaa mbichi, visigino vimegusa msingi. Nilikumbuka vizuri. Mtu hukumbuka maji yalipomfikia kuliko anavyokumbuka siku ya harusi yake. Siku ile nilisimama hapo hapo nikimpokea mdogo wake Sabiha dirishani kumtia mtumbwini, na maji yalikuwa chini ya kwapa, yamegusa titi. Nilipeleka mkono nyuma, nikaweka kaa ukutani usawa wa kwapa langu, nikatoka. Kisha nikavuta mstari mweusi kutoka hapo hadi mlangoni. Ulikuja chini ya mpaka wa chokaa kwa vidole viwili.

— Inchi moja na robo, akanong'ona Kipimo. Tope hupanda kidogo kwa unyevu. Ni sawa.

Chini ya mstari niliandika: MASIKA 1953, SIKU MBILI.

Dorkasi alimrudishia Kombo kikombe kikiwa kimejaa. Akaja akasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, mgongo ukutani, halafu akakumbuka ana mtoto, akasimama ubavu. Yeye alikuwa mfupi kuliko mimi. Mstari ulipita begani kwake. Kichwa cha mtoto kilikuwa usawa huo huo, kimelala, mdomo wazi. Dorkasi alitazama mstari, akamtazama mtoto, akakaza fundo la kanga ingawa halikuwa limelegea.

— Naweza kuona darini? akauliza.

Nilimpeleka ndani. Alipanda ngazi mpya na mtoto wake mgongoni, akagonga boriti kwa ngumi moja moja kama mke wa seremala, akauliza ni mti gani, nikamwambia mkoko. Akauliza maji ya kunywa nilipata wapi siku hizo mbili. Nikamwambia nilikinga mvua kwa sufuria kupitia tundu la makuti. Akauliza kama upande wa uani kuna mahali pa juu pa kuweka mbao. Hapana, nikasema. Akauliza majirani walikuja kusaidia siku gani. Siku ya pili mchana, nikasema, Kombo na Uweso, kwa mtumbwi. Hao wawili wengine walikuwa wanashughulika na nyumba zao. Hakuna swali aliloniuliza ambalo sikulijibu, na mengine nilijibu kabla hajamaliza.

Tulipotoka, wale watatu walikuwa wamesimama wima njiani kama watu wanaosubiri hukumu.

— Dada Saleha, akasema Dorkasi. Bei aliyoitaja Noa ni ya nyumba ya rangi mbili.

— Najua.

— Hiyo siitoi.

— Najua.

— Nyumba yenye mstari ina bei yake. Noa anaweza kuinua sakafu ya upande mmoja kwa mbao na mawe, akaweka mashine yake juu. Au tunaweza kusema hapana. Sisemi leo. Jumapili baada ya ibada nitamleta, asimame hapo niliposimama mimi. Kisha tuseme.

— Masika yatakuwa wiki mbili mbele yenu.

— Ndiyo maana nasema Jumapili. Nikikuta huo mstari umepakwa, sishuki kwenye basi.

— Haupakwi, nikasema.

Alifungua mwavuli wake wa kiume, akawaaga wazee kwa heshima zote, akaondoka kuwahi basi. Hakutazama nyuma. Mimi pia nisingetazama.

— Umepoteza, shemeji, akasema Korti. Atashusha bei hadi ikuume. Pengine asirudi.

— Asiporudi, wanangu watahamia Mwera Jumatatu hivyo hivyo, na nyumba itabaki na mstari wake mpaka atakayeusoma aje. Uweso.

— Naam, shemeji.

— Hiyo chokaa ya juu ya mstari na ya chini yake utaikwangua kesho. Doa lionekane. Kaa langu usiliguse.

— Yote niikwangue? Nusu debe nzima?

— Nzima.

Aliumia kama mtu niliyemtaka akate kidole. Lakini aliitikia kwa kichwa, akaenda ukutani, akapima kwa shibiri, akaanza kuhesabu.

— Kombo, akasema Horohoro, nitie kahawa, koo limenikauka.

Kombo aliinamisha dele juu ya kikombe. Lilitoa tone, na tone la pili, na masimbi. Akalitikisa, akalifunika.

— Imekwisha, akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya siku hiyo.

Nilirudi kwenye kikaango. Vitumbua vinne nilivyoviacha vilikuwa vimeungua upande wa chini. Nilivitoa, nikavigeuza sahanini upande mweusi ukaelekea juu, nikamwekea Horohoro mbele yake.

— Vimeungua, nikamwambia.

Aliviangalia, akachagua viwili, akanipa nusu ya bei.